Ndoo ya Siki Mlangoni

Maiti ya Mzee Povu haikuwa na jeraha la kutoa hata tone moja la damu, lakini ukuta wa chumba alichofia ulikuwa na mikono kumi na mmoja ya damu. Daktari alisema shingo imevunjika, macho na mikono vimeungua. Alitafuta mkato toka utosini hadi unyayoni, akakosa, akaandika "hakuna" na kupiga mstari chini ya neno hilo mara mbili.

Asubuhi ya siku ya tatu, saa mbili, Mwalimu alisimama tena mbele ya ukuta ule. Alikuwa inspekta wa kike, lakini kituoni kila mtu alimwita Mwalimu kwa sababu kabla ya kuingia polisi alifundisha kemia miaka minne. Aliacha, kwa maneno yake mwenyewe, baada ya kugundua kwamba wahalifu wanasikiliza kuliko wanafunzi. Nyuma yake alisimama Koplo, mtu mzima aliyebakiza miezi mitano kustaafu na ambaye hakupenda kuimaliza karibu na mizimu.

Kilikuwa chumba kirefu cha kupikia sabuni, chenye dirisha moja dogo juu. Ukiingia mlangoni unakuta ndoo kubwa ya plastiki kulia kwako, kisha hatua sita za sakafu, kisha ngazi tatu za saruji zinazoshuka kwenye mapipa. Rafuni sabuni zilipangwa kukauka, na kila kipande kilipigwa muhuri wa kiganja kilichofunguliwa, alama ya karakana tangu enzi za babu yao. Mamia ya viganja vidogo yalimkabili kila aliyeingia. Nyuma ya mlango ilining'inia aproni ya marehemu. Sabuni ya miaka mingi ilikuwa imeikausha ikawa ngumu kama ubao, imebaki na tumbo na mabega ya mwenyewe, na siku ya kwanza Koplo aliisalimia shikamoo kabla hajatazama vizuri.

Mikono ilikuwa ukutani, kati ya ndoo na ngazi, kwenye kimo cha kifua. Ukuta ulipakwa rangi nyeupe ya mafuta, na juu yake kila kidole kilionekana. Chini ya kila kiganja michirizi ilikuwa imeteremka hadi sakafuni. Mzee Povu alikutwa chini ya ngazi ya tatu, macho meupe kama ute wa yai lililochemshwa.

"Mwanangu, ukuta huu una jambo lake," alisema Shangazi.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu. Aliketi kizingitini na mtoto wa miezi mitano mapajani, mjukuu pekee aliyeachwa na mtoto pekee wa Mzee Povu, ambaye naye alikufa barabarani mwaka uliopita. Mama wa mtoto, yule ambaye nyumba nzima ilimwita Mkwe, alikuwa mahabusu tangu juzi.

"Jana nilikuja na kitambaa na maji ya sabuni nifute," Shangazi aliendelea, sauti imeshuka. "Ilikuwa imeshakauka, imekuwa kahawia. Nilipoigusa tu ikafufuka! Ikawa mbichi, nyekundu, kama imetoka mwilini sasa hivi. Nikakimbia nikaacha kitambaa humo humo. Kaka yangu anadai haki yake."

"Anamdai nani?"

"Wanasema Mkwe." Alimtazama mtoto, kisha akatazama pembeni. "Mimi sijasema. Wanasema."

Aliyesema alikuwa Baba Mdogo, mdogo wa marehemu na mwenzake wa kazi kwa miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyeikuta maiti siku ya Jumatano saa nne, akaonyesha ukuta, akapiga kelele za damu hadi majirani wakajaa. Ndiye pia aliyewapeleka polisi uani, kwenye beseni la nguo za Mkwe, ambamo gauni lilikuwa limelowekwa na maji yake yamekuwa mekundu. Mkuu wa kituo aliliangalia gauni akamaliza kesi papo hapo. Alimwambia Mwalimu, "Mikono ukutani, damu kwenye gauni, unataka nini zaidi, barua?" Majibu ya maabara yangechukua wiki tatu. Gari la kumpeleka Mkwe gereza la mahabusu, mwendo wa saa saba, lingeondoka leo saa sita mchana.

Mtoto alikuwa hataki chupa. Mara mbili kwa siku Shangazi alimpeleka kituoni akanyonye kwenye benchi, askari wakitazama ukuta. Kuanzia saa sita hilo nalo lingekwisha, na mtoto, ambaye hakuwa na habari, alilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Mpeleke juani kidogo, Shangazi," alisema Mwalimu. "Sisi tuna kazi ndogo hapa."

Walipobaki wawili, Mwalimu alimwambia Koplo amsomee maelezo ya Mkwe. Koplo alifungua daftari akaliweka mbali na macho.

"'Nilimpepetea Baba manjano kwa ajili ya sabuni ya Jumatano. Gauni likachafuka, nikaliloweka kwa sabuni. Saa moja na nusu nikajaza ndoo, nikampeleka mtoto kliniki. Si damu, ni manjano.' Hapa nimeweka alama ya mshangao, Afande, ni ya kwangu. Maana manjano ni ya njano. Yangekuwa mekundu wangeyaita mekundu."

"Koplo, nyumbani nani anakufulia?"

"Mama watoto."

"Ndiyo maana."

Alichovya pamba kwenye pipa la siki lililokuwa pembeni, akaenda kwenye mkono wa kwanza, akaigusa ncha ya kidole kidogo. Wekundu ulianza kujivuta toka ncha kwenda chini, polepole, na mahali ulipotoka pakabaki njano tupu. Mbele yao kidole cha marehemu kiligeuka rangi. Koplo alirudi nyuma hatua moja, aproni ngumu ikamgonga mgongoni, akaruka mbele hatua mbili.

"Tulia," alisema Mwalimu. Alilowesha kipande cha sabuni akakipitisha pale pale. Kidole kikawa chekundu tena.

"Afande, tutoke."

"Damu haina tabia hiyo. Manjano ndiyo yenye tabia hiyo. Ukiyawekea kitu kikali cha jamii ya siki au ndimu, asidi, yanabaki njano. Ukiyawekea jamii ya majivu, sabuni au kostiki, besi, yanakuwa mekundu hivi. Kila anayefua nguo yenye doa la mchuzi amewahi kuliona. Yule mama amekwambia ukweli, wewe ukamwekea alama ya mshangao."

Koplo alitazama daftari lake kwa aibu. Kisha uaskari wa miaka thelathini na mitano ukamrudia. "Sawa, ni manjano. Lakini humu ndani wanapika sabuni. Kostiki ipo kila mahali. Mzee alikuwa na manjano mikononi, akashika kostiki, akashika ukuta. Kuna nini hapo?"

Lilikuwa swali zuri, na Mwalimu alimjibu kwa kwenda mlangoni. Kostiki ndiyo magadi makali yanayoyeyushwa kwenye maji ili kugeuza mafuta kuwa sabuni. Hula ngozi, na katika karakana ile hakuna siku iliyopita bila tone kumwangukia mtu. Kwa hiyo babu yao aliweka desturi: mlangoni pakae ndoo ya siki, na kila anayetoka kwenye mapipa achovye mikono mpaka viwiko, siki iiue kostiki. Darasani Mwalimu angewakataza. Ngozi iliyoguswa na kostiki inataka maji ya bomba, mengi na kwa muda mrefu. Lakini vizazi vitatu vilichovya kwenye ndoo ile bila kuitazama, kama mtu anavyopangusa miguu mlangoni kwake.

"Angalia michirizi," alisema. "Mikono ilikuwa inachuruzika toka viwikoni. Alitoka ndooni. Mtu aliyenawa siki angeacha ukutani mikono ya njano. Hii ni myekundu, yote kumi na mmoja."

Koplo aliitazama ndoo kana kwamba imesogea. "Basi alinawa nini?"

"Leta ile chupa yako."

Siku ya kwanza, wakati wengine wote wanashangaa ukuta, Koplo alikuwa amefuata utaratibu. Alichota kimiminika cha kila chombo chumbani, akafunga kwa lakiri, akaandika saa. Chupa ya ndoo ya mlangoni ilisomeka saa nne na dakika arobaini. Mwalimu alivunja lakiri akanusa. Harufu ya siki ilikuwepo, lakini kwa mbali sana. Toka mkobani alitoa kopo la peremende alimohifadhi karatasi za litmasi, buluu na nyekundu, mazoea aliyobaki nayo toka shuleni.

"Siki ni asidi. Itaigeuza ya buluu kuwa nyekundu."

Aliichovya ya buluu. Ikabaki buluu.

"Basi ni kostiki," alisema Koplo.

"Kostiki ingeigeuza nyekundu kuwa buluu." Aliichovya nyekundu. Ikabaki nyekundu.

"Basi ni maji."

Mwalimu alimimina matone machache kwenye kijiko, akawasha kiberiti na kipande cha mshumaa, akakishikilia juu ya moto. Kijiko kilichemka, kikakauka, na ndani yake ukabaki ukoko mweupe. Aliukwangua kwa ukucha.

"Maji hayaachi kitu. Hii ni chumvi. Si ya mezani, lakini ni chumvi. Asidi na besi zikikutana zinauana, zinazaa chumvi na maji. Ndani ya ndoo hii palikuwa na kostiki, Koplo, na juu yake mtu akamimina siki mpaka mambo yakawa sawa. Aliweka kostiki kwanza ili Mzee anawe. Kisha akaweka siki ili sisi tunuse."

"Na Mzee hakunusa?"

"Pua yake ilikufa zamani. Shangazi alituambia siku ya kwanza. Miaka arobaini juu ya mapipa haya, alikuwa hanusi hata moshi."

Koplo alikaa juu ya pipa tupu. Alionekana kufikiri kitu asichokipenda. "Afande, mkono wa damu umekwisha. Gauni limekwisha. Lakini ndoo hii kila asubuhi hujazwa na nani?"

Mwalimu alichukia swali hilo kwa sababu lilikuwa sahihi. Ndoo ilijazwa na Mkwe. Mkwe mwenyewe alikuwa ameyasema, na Koplo ameyaandika, bila mshangao wowote. Zilibaki saa tatu na nusu.

Uani, chini ya paa la mabati, Mama Mihuri alikuwa kazini kwa sababu sabuni iliyomwagwa kwenye vibao haingoji msiba. Kazi yake ilikuwa kukata sabuni na kuipiga muhuri. Kila alipogonga, kiganja kipya kilitokea. Kabla ya kugonga aligusisha kona ya kipande kwenye ncha ya ulimi.

"Unaila?" aliuliza Koplo.

"Naipima. Ikiuma ulimi, kostiki bado hai, irudi rafuni. Ikinyamaza, imeiva. Ndivyo walivyotufundisha humu, wote tunaonja." Alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe usijaribu, huna meno ya kupoteza."

Mwalimu alimwomba ajaze ndoo ya mlangoni siki mpya toka kwenye pipa, kama kawaida. Mama Mihuri alifanya hivyo, akapitia kibao cha sabuni mbichi, na alipotoka alichovya mikono yake ndooni hadi viwikoni huku shingo imegeukia kwa Koplo akimalizia utani wake. Hakuitazama ndoo hata kidogo. Mwalimu aliyaona yote hayo akayaweka.

"Jumatano ulikuja saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Mkwe alishaondoka, nilipishana naye njiani kona ya pili, mtoto mgongoni."

"Ulimwona Mzee?"

"Hapana. Mlango wa ndani, wa kupandia darini kwenye stoo, ulikuwa umefungwa. Hushuka akishamaliza kupima mafuta na manjano yake. Nilichukua vibao vyangu nikatoka."

"Ulinawa?"

Mama Mihuri alishangaa swali. "Ningeachaje kunawa? Nilinawa, tena nilikuwa na mchubuko hapa." Alionyesha kidole gumba. "Iliniuma mpaka machozi. Siki ya siku hiyo ilikuwa kali, pua yote iliniwasha. Nikasema Mkwe leo kajaza kwa hasira."

"Na kostiki kwenye mchubuko inaumaje?"

"Kostiki haiumi hivyo, binti yangu. Kwanza inateleza, kama umeshika mlenda. Kuungua kunakuja baadaye. Mimi nina miaka kumi na tisa humu, nikuchanganyie siki na kostiki?"

"Ukatoka saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, na mkokoteni, kupeleka sabuni dukani. Niliporudi nikakuta kilio."

Kadi ya kliniki ilikuwa kwenye jalada. Mkwe na mtoto walisajiliwa saa mbili na dakika kumi, wakapimwa saa nne na robo, na nesi alikumbuka kwamba hawakutoka foleni. Mwalimu alimtazama Koplo, na Koplo alikuwa amekwisha kufika mwenyewe.

"Saa mbili siki iko hai," alisema Koplo taratibu. "Saa nne na dakika arobaini imekufa. Kilichoiua kimeingia katikati, na Mkwe yuko kliniki."

"Siki iliyokufa haifufuki. Kama angefanya yeye kabla ya kuondoka, kidole cha Mama Mihuri kisingelia."

Mama Mihuri alikuwa ameacha kugonga. Hakuelewa habari ya kufa na kufufuka kwa siki, lakini alielewa kwamba Mkwe ametajwa kwa wema, akaona naye aweke lake. "Jumatatu Mzee alimkabidhi Mkwe muhuri wa babu. Ule wa mti, si huu wangu. Alisema damu yake imekwisha, lakini mkono wa karakana utakuwa wa mjukuu, na mama yake ataulinda. Tulikuwa tumekaa hapa hapa."

"Na Baba Mdogo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alipiga makofi kuliko sisi wote."

Baba Mdogo alikuja saa nne, shati limepigwa pasi, akasema pole na kazi kwa sauti laini. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu wa kumpisha mwenzake mlangoni. Mwalimu alimwambia kwamba jalada linataka maelezo ya namna kazi inavyofanyika, ili hakimu asije akauliza wakakosa jibu. Je, angeweza kumwonyesha jinsi ya kuchanganya kostiki?

"Hilo tu? Hilo ni dogo, mwanangu."

Walishuka wote ngazi tatu. Shangazi aliwafuata hadi kizingitini na mtoto begani. Baba Mdogo alivaa glavu fupi, akapima maji, kisha akamwaga kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Hakukuwa na moto popote, lakini pipa lilianza kutoa mvuke, na ubavu wake ukapata joto hata Koplo, aliyekuwa ameweka kiganja, akakiondoa upesi. Maji yalichemka yenyewe gizani kama yaliyoamshwa na hasira.

"Na manjano yanaingia lini?" aliuliza Mwalimu.

"Mwishoni kabisa. Yakikutana na kostiki kali yanaharibika rangi."

"Yanakuwaje?"

Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kuzunguka. "Yanaharibika tu."

"Miaka ishirini na miwili umeyaona yakiharibika?"

"Mara nyingi."

Mwalimu aliandika hilo. Alishukuru, akasema inatosha, akampisha atangulie. Baba Mdogo alivua glavu, akapanda ngazi. Matone mawili yalikuwa yamemrukia juu ya kifundo cha mkono, naye aliukunja mkono huo akielekea mlangoni kama alivyoelekea kila siku ya maisha yake ya utu uzima. Aliinama juu ya ndoo.

Akasimama.

Alibaki ameinama hivyo, mikono hewani, kwa muda ambao Mama Mihuri angekuwa amenawa na kukata vipande vitatu. Nyuma yake pipa lilikuwa likipoa kwa mlio wa tik, tik. Kisha akachovya ncha ya kidole kimoja, akainua, akaigusisha kwenye ulimi.

"Baba Mdogo," aliita Mwalimu toka nyuma, "mbona unaonja?"

Aligeuka. Tabasamu lilikuwa limetangulia, macho yalikuwa bado njiani. "Mazoea ya kazi."

"Sabuni mnaonja. Ndoo hii hamuionji. Mama Mihuri amenawa asubuhi hii akimwangalia Koplo."

"Kaka yangu amefia humu, mama! Unashangaa nikiwa na hofu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Ni kweli. Lakini kaka yako, kwa maneno yako mwenyewe, aliuawa na mkono wa damu. Ukuta ndio uliouonyesha watu. Ukuta ndio ungeuogopa. Hakuna maelezo yanayosema ndoo ilikuwa na ubaya. Sijamwambia mtu, Koplo hajamwambia mtu." Mwalimu alipanda ngazi ya mwisho. "Nani amekwambia nyoka alikuwa ndani ya ndoo?"

Baba Mdogo alirudi nyuma hatua moja toka kwenye ndoo. Matone yale mawili yalikuwa yakiendelea kumla kifundoni, ngozi imeanza kuwa nyekundu, na hakuyaona. Shangazi aliyaona. Alimtazama mdogo wake, kisha ndoo, kisha ukuta, na mguno ukamtoka uliomshtua mtoto.

"Koplo, piga simu kituoni," alisema Mwalimu. "Gari lisiondoke na Mkwe. Mwambie Mkuu nakuja na mtu wa kukaa nafasi yake."

Koplo alipiga simu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mwalimu alimshika Baba Mdogo mkono, akampeleka kwenye bomba la uani, akaufungulia maji kwenye kifundo na kuuacha hapo kwa dakika nyingi. Kisha akamrudisha ndani, Koplo upande mmoja, mbele ya ukuta.

"Kitu kimoja sikielewi," alisema. "Nilidhani alikuwa anatafuta mlango. Lakini mlango uko pale pale penye ndoo, wazi. Angetaka kutoka angetoka. Mikono sita imeinamia upande wa ngazi. Mitano imeinamia upande wa ndoo. Alikuwa anakwenda na kurudi. Kwa nini?"

Baba Mdogo aliitazama mikono. Ilikuwa kwenye kimo cha kifua chake pia, walikuwa ndugu wa kimo kimoja. Sauti ilipomtoka haikuwa laini tena.

"Alikuwa ananifuata mimi. Nilikuwa kule chini, kwenye mapipa. Alikuwa ananiita."

"Anasemaje?"

"Alidhani siki imeisha nguvu. Alinawa, ikazidi kuwaka, akajipangusa macho, akawa haoni, akaupapasa ukuta mpaka ngazini akaniambia, mdogo wangu, siki ya leo haifanyi kazi, niongezee. Akarudi kunawa. Akaja tena. Alikuwa ananiamini mimi na ile ndoo, basi, hakuwa na mwingine wa kumwomba."

Shangazi alikuwa amekaa chini kizingitini. "Na wewe ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, dada."

"Alikuomba uongeze!"

"Nikaongeza," alisema Baba Mdogo.

Hakuna aliyeuliza aliongeza nini. Koplo alimfunga pingu, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu alipita karibu na aproni bila kugeuka. Ukuta ulikuwa umeshapigwa picha, hivyo Mwalimu alichukua kitambaa alichokiacha Shangazi jana, akakisuuza, akakichovya kwenye siki, akampa. Shangazi alisimama kwa shida, mtoto begani, akaanza kufuta toka ngazini kuelekea mlangoni. Mkono mmoja baada ya mwingine uligeuka njano kabla ya kutoka, na alipofika wa mwisho, ule wa karibu na ndoo, aliuacha.

"Huu ubaki mpaka Mkwe arudi," alisema. "Nataka auone na yeye kwamba ni manjano."

Saa sita kasorobo Mkwe aliingia uani kwa miguu yake, gauni la mahabusu limemkaa vibaya, na kabla hajamsalimia mtu alinyoosha mikono yote miwili kumpokea mtoto.

"Ngoja kwanza," alisema Shangazi, akamshika kiwiko. Akampeleka bombani, akafungua maji hadi mwisho, akamnawisha mwenyewe.